Doa la Begani

"Hicho usikichanganye na wenzake," Bi Povu alisema, akampiga mgeni wake kofi dogo la mkono, lile wanalopigwa watoto wanaochovya kidole kwenye sukari. "Kila kimoja kina mwaka wake."

Mgeni alikirudisha kibanio mezani haraka. Meza ya kupigia pasi ilikuwa imejaa vibanio vya mti vya kuanikia nguo, mia sita na ushei, vimetungwa kwenye nyaya, waya mmoja kwa kila mwaka. Kila kibanio kilikuwa kimechomwa alama kwa msumari wa moto. Kulikuwa na samaki, kijiko, mwavuli, kitasa, na kitu kilichokusudiwa kuwa kuku lakini kikaishia kuwa kiazi chenye miguu.

"Sikuzaliwa mchoraji mimi," Bi Povu alisema. "Nilizaliwa mfuaji. Mama yake huyo alikuwa hatoki kwenye banda la kuku, sasa nifanyeje?"

Alikuwa dobi wa Nyumba ya Akina Mama kwa miaka arobaini na saba, na jina la Bi Povu alilipata kwa njia mbili: kwa sabuni iliyomfika viwikoni kila siku ya Mungu, na kwa ulimi wake, ambao ukishaanza kuchemka hakuna mfuniko wa kuutosha. Wasichana waliokuja pale na mimba zao, bila mume wala mwenyeji, walimwogopa siku ya kwanza. Siku ya tatu ungewakuta wamekaa juu ya ndoo zilizofudikizwa ndani ya chumba chake cha kufulia, wanakula mkate wake na kumpa siri ambazo hata mama zao hawakuwa nazo.

Sasa nyumba ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na kamati ilitaka kijitabu cha historia. Kikwazo kilikuwa mchwa. Walikuwa wamekula daftari zote za ofisi tangu ile ya kwanza, na hawakubakiza hata majalada. Mwenyekiti wa kamati alijikuna kichwa wee, mwisho akasema, "Basi mpelekeni mwandishi kwa Bi Povu." Ndipo akaja huyu mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni, macho kayapaka wanja vizuri, na kalamu mbili mkononi, moja ya kuandikia na nyingine ya akiba. Bi Povu alimpenda kwa ile kalamu ya akiba. Alipenda watu waliojua kwamba vitu huharibika.

"Tuanze mwanzo, mama," Mwalimu alisema.

"Mwanzo ilikuwa tanuri."

Na kweli ilikuwa tanuri. Nyumba ile zamani ilikuwa ya kuoka mikate, ikafungwa mwenyewe alipofariki. Mkunga mmoja mstaafu, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya kiume kwa sababu vya kike vilimbana, alikuwa amezalisha wasichana watatu mwezi mmoja katika mahali ambapo hata mbuzi angegoma kuzaa. Akaenda kwa mjane wa mwoka mikate, akakaa kwenye kiti, akasema hainuki mpaka apewe ufunguo. Alikaa kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni. Mjane akasalimu amri. Tanuri likageuzwa kuwa la kuchemshia maji, stoo ya unga ikawa chumba cha kuzalia, na kwa miaka mingi watoto waliozaliwa pale walinuka mkate. Manesi wa zahanati walikuwa wakinusa utosi wa mtoto na kusema, "Huyu ametoka tanurini."

Mwalimu alikuwa anaandika mbio mbio, na tabasamu halikumtoka.

"Mkunga alikuwa na sheria moja tu," Bi Povu aliendelea. "Jina lako unaliacha mlangoni. Wenzako watakupa jingine, wala hawachelewi. Tulikuwa na Redio, tulikuwa na Mwanasheria, tulikuwa na Kiporo, huyo alikuwa halali mpaka amalize chakula cha mchana. Na siku ya kuondoka Mkunga anakushika mabega, anakuambia: ukivuka mlango huu, sisi hatukujui na wewe hutujui. Tukikutana sokoni, tunabishania nyanya kama wageni. Wakaanze maisha bila mtu wa kuwanyooshea kidole, unaelewa? Nimekutana nao, mwanangu. Na waume zao, na wajukuu zao. Tumebishania nyanya mpaka wauza nyanya wakatuchoka."

Mwalimu alicheka. Lilikuwa cheko la kukohoa, lililoanza kifuani na kukwama njiani. Bi Povu alimtazama kwa sekunde mbili zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaendelea kupanga nyaya zake.

Vibanio navyo vilikuwa na maelezo yake. Kila mtoto alifuliwa nepi zake peke yake ili vipele vya huyu visihamie kwa yule, na kwa kuwa majina hayakuruhusiwa, Bi Povu alichoma alama. Nepi zilianikwa kwa mpangilio wa kuzaliwa, mkubwa upande wa lango, mchanga upande wa jiko. Mtoto akiondoka, mikononi mwa mama yake au mikononi mwa watu wengine, kibanio chake kilishushwa kikatungwa kwenye waya wa mwaka huo, na vya wote waliobaki vikasogea hatua moja kuelekea langoni. Ukitaka kujua habari za nyumba, ulikuwa unaitazama ile kamba tu.

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Waya wa mwaka ule ukuta wa mbele ulipoanguka kwa mvua," alisema, "unao?"

"Ninazo zote. Kwa nini huo?"

Mwalimu alifungua mkoba wake, akatoa bahasha iliyovishwa nailoni. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja, imekunjwa mara nne, imepigwa mhuri wa nyumba wenye tarehe. Aliisukuma juu ya meza katikati ya vibanio. Iliandikwa kwa mkono mzuri ulionyooka: mtoto wa kike, umri siku arobaini, afya njema, amechanjwa. Na mstari wa mwisho: Mama mzazi hakumzoea mtoto, hakutaka kumbeba.

"Mama aliyenilea alifariki mwaka jana," Mwalimu alisema. "Nilijua tangu utotoni kwamba nimetoka hapa, hakunificha. Hii nimeikuta chini ya mashuka kwenye sanduku lake. Kazi ya kijitabu niliiomba mwenyewe, kamati haijui sababu. Mama, sikuja kutafuta jina la mtu. Ninaye mama, nimemzika, na mpaka leo namlilia. Nataka kujua huo mstari tu. Ni kweli? Hakunibeba hata mara moja?"

Bi Povu aliusoma ule mstari, ingawa hakuwa na haja ya kuusoma. Aliuvaa uso wa mtu anayetafuta miwani yake, na miwani ilikuwa kichwani. Mwezi ule walizaliwa watoto watatu, wawili wa kiume. Msichana alikuwa mmoja, na kibanio chake angekishika hata akiwa amefumba macho, kwa sababu katika miaka yote thelathini na minane hakikupita kipindi kirefu bila yeye kukishika.

Aliuvuta waya, akahesabu kwa kidole, akasimama kwenye cha tatu kutoka mwisho. Kilichomwa alama ya soksi.

"Soksi?" Mwalimu aliuliza.

"Mama yako alifika hapa kalowa chapachapa, kavaa soksi nyekundu mguu huu na nyeupe mguu huu. Aliondoka kwao mbio, hakuangalia. Alipoziona yeye mwenyewe akaanza kucheka palepale mlangoni, maji yanamchuruzika, na wenzake wakamwita Soksi kabla hajakaa. Na alicheka hivyo hivyo unavyocheka wewe, kama mtu aliyepaliwa. Nimekusikia hapa, nikajiambia, wewe mwanamke, masikio yako yamezeeka."

Mwalimu alifunika mdomo kwa mkono.

"Sasa nisikilize," Bi Povu alisema. "Wakati huo Mkunga alikuwa amechoka, nyumba ameiachia Matroni. Matroni hakuwa mtu mbaya, na hilo uliandike. Alikuwa na imani yake. Aliamini mama ambaye mtoto wake atachukuliwa asimbebe kuanzia siku ya kumi, wasizoeane, maumivu yatapungua. Manesi ndio wanampa chupa kule juu ghorofani, mama anakaa chumba cha chini. Mara mbili nimemkuta Matroni mwenyewe ndani ya stoo ya mashuka, analia, kitita chake cha funguo kiko mkononi. Lakini akifuta uso akatoka, sheria ni sheria."

"Kwa hiyo ni kweli," Mwalimu alisema polepole.

"Nimekuambia nimemaliza?" Povu lilikuwa limeanza kupanda. "Huo mstari Matroni aliuandika kwenye barua zote. Zote! Ya mtoto wa Redio, ya mtoto wa Mwanasheria, zote. Mimi ndiye niliyefua nguo za nyumba hii, si Matroni. Akina mama wote walivaa magauni ya buluu ya aina moja, yenye namba iliyoshonwa kwa uzi kwenye pindo. La Soksi lilikuwa namba tisa. Na kila asubuhi, siku ya kumi na moja, ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, namba tisa inanijia na doa. Hapa." Alijigusa bega la kushoto. "La maziwa, limekauka, linanuka uchachu. Wewe una watoto?"

"Wawili."

"Basi niambie doa hilo hupatikanaje."

Mkono wa Mwalimu ulikwenda wenyewe kwenye bega lake. "Mtoto akicheua," alisema.

"Akicheua. Ameshiba, umemweka begani, unampigapiga mgongo. Mtoto aliyelala kitandani hawezi kukutia doa hapo. Mtoto uliyemchungulia mlangoni hawezi. Lazima umbebe, na lazima utulie naye. Alipitaje kwenda kule juu, mimi sijui wala sikumuuliza, maana ningejua ningelazimika kusema. Mimi najua nguo. Siku kumi na tisa mfululizo nimelifua doa lako, mwanangu, mapema, kabla Matroni hajashuka. 'Hakunibeba hata mara moja?' ndilo unaloniuliza? Mbona alikuwa hakutui!"

Mwalimu alivua miwani ambayo hakuwa ameivaa, yaani aliishika tu ile kamba na kuivuta, akaiweka juu ya meza. Uso wake ulikuwa umefunguka wote. Machozi yalikuwa yanashuka na wanja, na hakuyajali.

Bi Povu angeweza kuishia hapo. Nani angemuuliza? Matroni alikwisha kufa, Mkunga alimtangulia, na huyu mtoto wa watu alikuwa amepata alichokifuata na zaidi. Angemchemshia chai, angemtajia tarehe ya ukuta kuanguka, wangeagana kwa furaha. Aliifikiria hiyo chai. Hata birika alilitazama.

"Maziwa hufuliwa kwa maji gani?" aliuliza ghafla.

Mwalimu alishangaa. "Baridi."

"Baridi. Ya moto yanayapika ndani ya kitambaa, halafu hakuna dawa. Mimi nilijua hilo nikiwa na miaka saba." Alikuwa anaongea na vibanio sasa, si na mtu. "Siku ya ishirini na tisa ilikuwa siku ya tisa ya mvua. Hakuna kinachokauka. Nepi zimezunguka tanuri zima, zinaning'inia mpaka kwenye mlango wa choo. Kamati inakuja kutembelea, Matroni anataka magauni yote yamepigwa pasi kabla ya saa sita. Mimi na haraka zangu nikabeba sufuria la maji kutoka tanurini, nikamimina juu ya karai lote, tena naimba. Sikuchambua. Nilipoliona namba tisa, lilikuwa limeshaiva. Njano, kama kiini cha yai. Nikaliwekea chumvi, nikaliwekea ndimu, nikalisugua mpaka kitambaa kikawa chepesi, wapi! Nikalipiga pasi, nikalikunja bega likae ndani, nikaomba Mungu."

"Akaliona," Mwalimu alisema.

"Alikunjua magauni matatu tu. La tatu ndilo hilo. Akaweka kidole. 'Bi Povu, hii ni nini?' Na mimi, mwenye mdomo huu, mdomo ambao haujawahi kukosa neno kwa mtu yeyote, siku hiyo neno sikulipata. Ningesema uji. Ningesema chai. Nilisimama pale kama nguzo, na kunyamaza kwangu kukawa ndiyo jibu. Mchana ule ule Soksi akahamishiwa chumba cha langoni, ufunguo nje. Wewe ulichukuliwa siku ya arobaini. Siku kumi na moja, mwanangu. Zilikuwa zenu, mkazikosa kwa sababu yangu. Nimezipoteza mimi, kwenye karai lile pale."

Karai lilikuwa pale kweli, limeegemezwa ukutani, limechakaa ukingo. Wote wawili walilitazama.

"Yeye alijua?" Mwalimu aliuliza. "Kwamba ilikuwa ni maji ya moto?"

"Nilimwambia mwenyewe. Siku yake ya kuondoka alikuja hapa kurudisha gauni, kavaa nguo zake za kuja nazo, na zile soksi. Nikamwambia yote, nimeinamisha kichwa, nangoja anitukane. Nilitamani anitukane. Akaniuliza, 'Bi Povu, lile doa lilitoka?' Nikamwambia halikutoka, mwanangu, nimejaribu kila kitu. Akasema, 'Afadhali.'"

"Afadhali?"

"Neno moja tu. Akapitisha kidole pale begani, akalikunja gauni yeye mwenyewe, taratibu, doa likakaa juu. Akanipa. Akavuka mlango."

"Liko wapi hilo gauni?"

Hilo ndilo swali ambalo Bi Povu alikuwa akiliogopa kuliko yote. "Matroni aliagiza lichanwe matambara. Nikalichana. Lilideki sakafu hii unayoikanyaga mpaka likaisha. Ningekuwa na akili ningelificha, lakini nilikuwa naona haya hata kulitazama. Nisamehe, mwanangu. Kwa yote mawili, nisamehe."

Mwalimu alisimama. Bi Povu alidhani anaondoka, na hakumlaumu. Hata alianza kumsogezea mkoba wake. Lakini Mwalimu aliizunguka meza, akaangusha waya mmoja wa vibanio njiani, akainama, maana alikuwa mrefu na dobi alikuwa kipande cha mtu, akaegemeza uso wake kwenye bega la mzee yule akalia. Alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, bila kuona aibu. Bi Povu alisimama wima kwa muda, hajui mikono aipeleke wapi. Halafu mkono wa kulia ukapanda wenyewe mgongoni mwa Mwalimu, ukaanza kumpigapiga, polepole, katikati ya mabega.

"Haya," alisema. "Haya, mama. Toa yote."

Chai ilinywewa baadaye, na ilikuwa tamu kupita kiasi. Mwalimu alinawa uso kwenye sinki la kufulia, akaokota vibanio sakafuni, akavitunga tena kwa mpangilio sahihi bila kuelekezwa.

"Sasa kwenye kijitabu niandike nini?" aliuliza.

"Andika tanuri. Andika viatu vya kiume vya Mkunga. Yule kuku usimwandike, nitachekwa. Andika kwamba maziwa hufuliwa kwa maji baridi."

"Na ule mstari? Kuna wenzangu wengi wanao, kwenye masanduku."

Bi Povu alifikiri. "Andika kwamba ofisi ilisema hivyo," alisema, "na dobi anakanusha."

Mwalimu aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno, akapiga mstari chini yake. Ndipo Bi Povu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu achome kibanio cha kwanza. Alifungua ncha ya waya, akavitoa viwili vya mwisho, akatoa na cha soksi, kisha akavirudisha viwili vile mahali pake. Kibanio alikifuta kwa kanga yake, akakibana kwenye jalada la daftari la Mwalimu.

"Jina lake silijui," alisema, "na ningelijua usingelipata kwangu. Lakini siku ukimkuta mwanamke sokoni, mtu mzima, anacheka kama kapaliwa, usimuulize kitu. Bishania nyanya."

Mwalimu akacheka, likakwama, akakohoa. Alikuwa bado anakohoa alipofika langoni.

Kesho yake ilikuwa siku ya Bi Povu kufua zake mwenyewe. Alijaza beseni maji, akakusanya nguo kwenye kikapu, akazichambua moja moja juu ya meza kama alivyozoea, nyeupe huku, za rangi huku. Alipolifikia gauni la jana alilikunjua bega la kushoto na kuliinua karibu na dirisha. Lilikuwa na doa la wanja lenye upana wa kiganja, na unga kidogo wa poda, na kuzunguka pale kitambaa kilikuwa kimekakamaa kwa chumvi ya machozi. Doa jepesi. Sabuni kidogo tu, na maji haya haya ya baridi, lingeondoka kabla birika halijachemka.

Alichukua kipande cha sabuni. Akasimama nacho mkononi mpaka kikaanza kuteleza. Kisha akalitundika gauni kwenye msumari nyuma ya mlango, bega la kushoto likitazama chumbani, akarudi kwenye beseni na kuanza na mashuka.